Mguu wa Kulia

Daktari amenipima macho, mkojo, moyo,
kisha akaniuliza sababu, bila kuinua uso.
Nikamwambia: starehe.
Akaandika starehe, akafuta, akaandika binafsi.
Miaka sitini na miwili, Bi Kihiyo.
Ndiyo. Na goti moja, hili la kulia,
linaloijua mvua kabla ya redio.

Kitabu changu cha safari nilikikuta kabatini
chini ya vyeti vya ubatizo na risiti za ada.
Mende wamekula kona, tarakimu wameziacha.
Mstari wa mwisho: Tanga, Mashewa, Tanga,
saa moja na dakika kumi, upepo wa ubavuni.
Mwandiko ni wangu, ila una haraka,
wa mtu anayedhani atarudi Jumamosi.

Jumamosi ile Mbazi alizaliwa kabla ya siku zake.
Baadaye ikawa ada. Baadaye bati.
Baadaye mama, miaka saba kitandani.
Hakuna aliyenikataza, nisimsingizie mtu.
Marehemu mwenyewe akisikia mngurumo
alitoka na taulo begani, akanionyesha kwa kidole:
"Wenzako wale."
Nami, sufuria mkononi: "Wanachezea mafuta."
Nikarudi ndani kabla sauti haijaisha.

Mwalimu wangu, Mntangi, ana miaka ishirini na tisa.
Ananiita mama, anakumbuka, ananiita rubani,
anasahau tena.
Ndege ina viti viwili na mlango wa kubembelezwa.
Mishale yote niliyoizoea imemezwa na kioo kimoja
king'aacho kama simu ya mjukuu; nakipapasa,
kinanijibu mambo ambayo sikuuliza.
"Kiache," anasema. "Tazama nje.
Upeo wa macho hawajaubadilisha."
Harufu ya petroli nayo hawajaibadilisha.
Nimeivuta mpaka macho yakaloa,
nikasingizia jua.

Nasukuma mafuta yote.
Pua inavuta kushoto, kama ilivyovuta siku zote,
mguu wa kulia, mama, mguu wa kulia!
goti linapiga kelele, nyasi zinakimbia,
lami inatetemeka mpaka kwenye meno,
halafu magurudumu
yananyamaza.

Hapo sikusema kitu. Mntangi naye, Mungu ambariki,
hakusema kitu.
Mkonge ulikuwa umechanwa kwa kitana, safu kwa safu,
na pale ulipotelekezwa, nywele za mtoto aliyeamka.
Reli ya Korogwe ilijificha vichakani, ikatoka, ikajificha.
Usambara ilikaa pembeni na mawingu yake mapajani.
Tulipogeuka juu ya Kange niliiona nyumba yangu,
na bati, lile bati lenyewe,
lililokula saa zangu arobaini za angani.
Nilikuwa nimejiandaa kulichukia.
Linang'aa. Ni bati zuri.
Kuna ndoo ya nani pale uani, nikawaza,
na kwa nini wameiacha kwenye jua?

Kutua nako ni kisa.
Tuligonga, tukaruka. Tukagonga, tukaruka kidogo.
Mara ya tatu ardhi ilituchoka, ikatukubali.
"Mama, niandike ipi?"
"Andika zote tatu, nimezilipia."
Akacheka mpaka akavua kofia.

Kati ya mstari ule na huu wa leo
kuna nafasi ya ukucha.
Kitabu hakikuuliza nilikuwa wapi
miaka thelathini na mmoja.
Kwenye safu ya maoni Mntangi ameandika
kwa herufi kubwa, kama kwa mtoto wa darasa la pili:
MGUU WA KULIA.

Usiku nimelikanda goti kwa mafuta ya nazi.
Mbazi amepiga simu kuuliza kama nimeshuka.
Nimemwambia ndiyo, muda mrefu,
huku unyayo wangu ukiusukuma ubao wa kitanda,
taratibu,
pua isije ikavuta kushoto.